Mbu Abaki Inje, Hewa Iingie



Mwezi uliopita tuliongea juu ya pipa la maji na kifuniko chake. Mwezi huu tuongee juu ya dirisha. Lakini si dirisha ya nyumba ya matofali. Ni dirisha ya bisi.

Musicheke. Mukipita mu kampi za migodi, tangu Likasi mpaka Kolwezi, mutaona bisi zilizokufa masini, zimewekwa juu ya mawe, na ndani yake kuko watu. Moja ni duka, moja ni fasi ya kunyoa nywele, nyingine ni nyumba kabisa: kitanda nyuma, sufuria mbele, nguo zimeanikwa ku kioo cha shoferi. Mutu anayefuata kazi ya mugodi hajengi matofali upesi, kwa sababu hajui kama mwaka ujao atakuwa hapa ao kule. Bisi iko na paa, iko na kuta, mvula haipiti. Anaona amepata nyumba.

Kanisa letu nalo lilikuwa na bisi ya namna hiyo. Nitawaeleza kwanza yaliyotupata, kisha nitawaonyesha namna ya kutengeneza nyavu za madirisha kwa mikono yenu, pamoja na vipimo vyake. Mimi si seremala. Yale nitakayoandika nilifundishwa na seremala wetu, na mengine nilifundishwa na makosa yetu wenyewe.

USIKU WA MVULA

Ilikuwa mwezi wa 11, mwaka 2018. Ile bisi ilikuwa imekaa mwaka muzima mu kiwanja cha kanisa bila masini. Tukaivuta mpaka ku kampi moja ya wakreseri, tukaiweka juu ya mawe, tukatosha viti vyote, tukaacha kile cha shoferi tu. Mwinjilisti wetu akaingia mule pamoja na bibi yake, watoto wao watatu, na kijana mumoja wa miaka 11, mutoto wa marehemu dada ya yule mama.

Siku ile ile ya kuingia, mama aliniuliza: «Pasta, na madirisha?» Nilimujibu: «Mama, muvumilie kidogo. Komite itaangalia.»

Komite iliangalia. Feza iliyokuwa mu sanduku tukanunua vipaza sauti viwili. Nyavu tukasema mwaka ujao. Ninaandika hivi bila kuficha kwa sababu mimi ndiye niliyesimamia ule mukutano, na mimi ndiye niliyesema kwamba mahubiri hayawezi kungoja. Nyumbani kwangu, madirisha yote yalikuwa na nyavu.

Sasa, magaribi moja mvula ikanyesha kwa nguvu. Mama hakuweza kupika inje. Akaingiza mbabula ndani, akapika bukari na mboga. Madirisha yote alikuwa ameyafunga juu ya mbu, maana ukifungua hata moja wanaingia kama watu wanaoingia soko. Walipomaliza kula, makala yalikuwa mekundu tu, hayana moshi tena. Wakasema yabaki pale yawapashe joto. Wakalala.

Katikati ya usiku mutoto wa kunyonya akalia. Mama akaamuka, kichwa kinamupasuka, miguu haina nguvu. Akamushika mutoto wa miaka 7 ili amusogeze. Mutoto hasikii. Akamuita jina lake. Kimya. Bwana yake naye anaongea maneno yasiyoeleweka. Yule mama akajikokota mpaka mbele, akapiga kelele. Wa kwanza kuamuka na kumusaidia ni yule kijana yatima. Wakawatosha wote inje, mu mvula, mu matope. Mutoto akatapika, kisha akafungua macho. Asubui walifika ku dispanseri, wote wazima.

Kijana yatima peke yake hakuumwa hata kichwa. Na jambo hilo lilikaribia kumuharibia maisha.

ULIZO LA HATARI

Nilipofika kule, nilikuta watu wamejaa. Kila mumoja alikuwa na neno lake. Wengine walisema ile bisi ilianguka zamani na watu walikufa ndani yake, basi wafu wanatafuta wenzao. Wengine waliuliza kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo kila mutu anaisikia: «Mbona wote walianguka, yeye peke yake akabaki muzima?»

Munajua mu kwetu ulizo la namna hiyo linapeleka mutoto fasi gani. Leo linaulizwa, kesho mutoto analala soko, na hakuna anayekumbuka nani aliuliza kwanza.

Infirmie wa dispanseri ndiye aliyetuokoa. Alikuja mwenyewe kuangalia bisi. Akauliza: «Mbabula ilikuwa fasi gani?» Wakamujibu: katikati. «Na madirisha?» Yalifungwa yote. «Na huyu kijana alilala wapi?» Alilala mbele kabisa, pembeni ya mulango, juu hakukuwa fasi nyingine.

Sasa mulango wa bisi yetu ulikuwa haufungi vizuri. Kulibaki nafasi inayoingiza mukono. Usiku wote mvula ilikuwa inamurushia maji pale, na mbu walikuwa wanapita pale. Yule infirmie akashika mikono ya kijana, akaigeuza mbele ya watu. Ilijaa alama za mbu tangu bega mpaka vidole. Akasema: «Muangalie. Fasi alipolala, mbu walipita, na hewa ilipita. Kule nyuma mbu hawakupita, na hewa haikupita. Hakuna mulozi hapa. Kuko mbabula.»

Watu wakanyamaza. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, yule kijana pembeni yangu, nikarudilia maneno ya infirmie moja kwa moja. Nikasema tena kosa la komite, na kosa langu.

Mama alikuja kuniona nyuma ya ibada. Hakuwa na hasira. Alisema tu: «Pasta, vipaza sauti vyenu vinasikika mpaka ku mugodi. Siye mu bisi tulikuwa tunasikia mbu.»

Sikuwa na jibu. Juma ile tuliuzisha kimoja cha vile vipaza sauti, tukanunua wavu na mbao.

MAKALA YASIYO NA MOSHI

Mbele ya kushika nyundo, tuelewane juu ya makala. Makala yanayowaka yanatoa gazi inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuiona wala kuisikia mu pua. Inashikamana na damu kwa nguvu inayopita mara 200 nguvu ya oksijeni, ile hewa tunayoishi nayo. Kwa hiyo mutu anapumua, lakini damu yake haibebi tena kinachohitajiwa. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanadanganya watu. Unaona yamekuwa safi, kumbe yangali yanatoa ile gazi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu, usingizi muzito. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wote pamoja usiku mumoja, musianze kutafuta nani aliyewaloga. Mutoke wote inje kwenye hewa, mufungue milango, na yule aliyezimia mumupeleke kwa munganga hata kama ameamuka.

SABABU GANI WAVU

Fikirieni shida ya yule mama. Akifungua dirisha, maleria. Akifunga, watoto wanakosa hewa, na siku ya mbabula wanaweza kufa. Pazia halimusaidii sana: likiwa jepesi upepo unalipeperusha na mbu anapita; likiwa zito hewa inabaki inje. Wavu ndio unaoachanisha vile viwili. Unamufungia mbu, unafungulia hewa.

Jambo hili si la jana. Tarehe 20 ya mwezi wa 8, mwaka 1897, munganga Ronald Ross, kule Secunderabad katika India, aliona kijidudu cha maleria ndani ya mwili wa mbu. Miaka mitatu nyuma yake, mwaka 1900, Mwitalia mumoja, Giovanni Battista Grassi, alifanya jaribio katika bonde la Capaccio, kusini ya Italia, fasi iliyojaa maleria. Walikuwa watu wa reli. Watu 112 walikingwa na mbu tangu jua kushuka mpaka jua kupanda, nyuma ya nyavu. Kati yao 5 tu walipata maleria. Wengine 415 ambao hawakukingwa waliugua wote. Ninapenda kuwakumbusha hilo, ninyi ambao wababa zenu walitumika ku reli ao ku kampuni: wale walikuwa wafanyakazi kama wao, waliokaa fasi kazi ilipowaweka.

Tena, katika Gambia, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba na nyumba. Kule walikoweka nyavu ku madirisha na ku milango na kuziba nafasi za chini ya paa, watoto waliopungukiwa na damu walikuwa 12 kwa 100. Kule ambako hawakuweka kitu, walikuwa 19 kwa 100. Maleria ndiyo inayokula damu ya watoto. Na Kongo yetu ni ya pili mu dunia kwa wingi wa wagonjwa wa maleria, nyuma ya Nijeria. Kwa hiyo tusiseme wavu ni pambo la nyumba za wakubwa wa kampuni.

KUPIMA NA KUNUNUA

Sasa kazi. Bisi yetu ilikuwa na madirisha 6 kila upande, yote pamoja 12. Kila dirisha iko na vioo viwili, kimoja kinateleza mbele ya kingine. Maana yake nusu tu ya dirisha inafunguka. Ile nusu ndiyo inahitaji wavu. Hakuna haja ya kufunika dirisha nzima na kupoteza feza.

Fungua kioo, pima tundu lenyewe kwa metre, upana na urefu. Letu lilikuwa santimetre 60 kwa 50. Lakini pima kila dirisha peke yake. Bisi iliyogongwa mara mbili tatu haibaki sawa: madirisha yetu mawili yalikuwa na santimetre 58. Ukishapima, andika namba ku bati na namba ile ile ku fremu yake. Yule kijana wa miaka 11 ndiye aliyeshika metre, na namba zile ziliandikwa kwa mwandiko wake.

Wavu uchague kwa macho na kwa kuhesabu. Mu soko wanakuuzia hata wavu wa vifaranga, wakisema ni wa mbu. Weka metre juu yake, hesabu matundu katika santimetre 5. Yakiwa karibu 32, ao kupita kidogo, ni muzuri. Yakiwa 20, acha, mbu atapita. Yakiwa mengi sana, wavu unakuwa kama nguo na hewa inapungua. Wavu wa plastiki unakatwa kwa makasi na haushiki kutu, lakini uko mwepesi mbele ya panya na vidole vya watoto. Ule wa chuma uko na nguvu, lakini kutu inaukula. Ule wa alumini haushiki kutu, lakini ukikunjika alama inabaki. Sisi tulichukua plastiki kwa sababu ya bei.

Neno moja juu ya chandarua ya kitanda, ile tunayoiita mustikeri. Musikate hata kidogo ile ambayo watu wanalala ndani yake ili kufanya dirisha. Kama muko na ya zamani, imepasuka mpaka haishonekani, na mumekwisha kupata nyingine, hapo sawa, vipande vyake vizima vinaweza kutumika ku mulango.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Fremu ni mbao nyembamba, upana santimetre 3, unene santimetre 2. Kwa tundu la 60 kwa 50, kata mbao mbili za 66 na mbao mbili za 50. Zile za 50 zinasimama katikati ya zile za 66, ndipo fremu yote inakuwa 66 kwa 56 na inapita tundu kwa santimetre 3 kila upande. Fremu moja inakula mbao santimetre 232. Fremu 12 ni karibu metre 28. Wavu wa kila fremu ni 70 kwa 60. Tulinunua wavu wenye upana wa santimetre 120, kwa hiyo kila santimetre 70 za urefu zilitoa vipande viwili. Vipande 12 vilikula metre 4 na santimetre 20. Nunua metre 5, kwa sababu kosa moja la makasi halikosi.

KUTENGENEZA

Unga fremu chini, fasi iliyo sawa. Pima kona kwa kona mara mbili, huku na huku. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, sukuma kidogo mpaka vilingane, ndipo upige musumari. Paka rangi mbele ya kuweka wavu, si nyuma, ili rangi isizibe matundu. Acha ikauke vizuri.

Tandika wavu juu ya fremu. Tulitumia misumari midogo ya viatu, ile ya fundi wa viatu. Anza katikati ya upande mumoja, kisha katikati ya upande wa mbele yake, ukivuta wavu kidogo kwa mukono. Kisha zile pande mbili nyingine, katikati vile vile. Nyuma yake endelea kutoka katikati ukienda ku kona, musumari mumoja kila santimetre 4 ao 5. Ukianza ku kona, wavu utafanya makunyanzi na hutaweza kuyatosha. Kunja ile inayobaki, ipigilie, kisha kata inayozidi.

Ku upande wa fremu unaogusa bisi, pigilia utepe wa mupira wa ndani wa kinga, upana santimetre 2, kuzunguka fremu yote. Mbao na bati havikutani vizuri. Mupira ndio unaojaza nafasi. Fundi wa kinga atakupa mipira iliyopasuka kwa bei kidogo ao bure.

Sasa kosa letu. Mara ya kwanza tuliweka fremu ndani ya bisi. Ilionekana nzuri, mvula haikuzigusa. Lakini kioo cha kuteleza kinashikwa na mukono kutoka ndani. Kila mara mvula ilipokuja, mama alipaswa kutosha fremu, kufunga kioo, kisha kurudisha fremu, na mvula ikiisha kuanza tena. Nyuma ya siku nne fremu tatu zilikuwa chini ya kitanda. Kitu kinachosumbua mutu usiku hakitumiki, hata ukimuhubiri.

Tukazihamisha inje. Chini ya kila dirisha seremala alitoboa bati, akaweka ndoano mbili za bati lililokunjwa. Fremu inasimama ndani yake. Juu aliweka vipande viwili vidogo vya mbao, kila kimoja kinazunguka ku visi moja. Ukivizungusha, vinashika fremu. Ukivizungusha tena, fremu inatoka kwa kuoshwa. Kioo kinabaki ndani, mama anakifungua na kukifunga namna anavyotaka, wavu hautikisiki.

DIRISHA MBILI ZA KUKIMBILIA

Hapa mushike sana. Bisi iko na mulango mumoja tu, na mulango ule uko mbele. Moto ukiwaka mbele, watu wanatoka wapi? Kwa hiyo madirisha mawili ya nyuma, moja kila upande, hatukuyawekea fremu ya mbao inje. Tuliyawekea wavu ndani, umeshonwa ku utepe wa mupira unaovutika, na ule utepe unashikwa na ndoano ndogo nne. Ukisukuma kwa mukono wote unaanguka. Kisha tukahakikisha kila mutu mukubwa wa nyumba anaweza kupita ku lile tundu. Baba hakuweza. Tukatosha na kioo cha pili cha ile dirisha, tukaweka wavu mupana zaidi na kifuniko cha bati kwa siku za mvula. Tuliwafundisha watoto kwa kucheza: «Moto!» na wote wanasukuma na kutoka. Walipenda muchezo ule kuliko tulivyotaka.

Kama bisi yenu ingali na mulango wa hatari nyuma, musiweke kitanda mbele yake.

MULANGO NA MATUNDU YA CHINI

Watu wanaweka nyavu ku madirisha, kisha wanasema nyavu hazina faida, mbu wangali wanaingia. Wanaingia chini. Bisi iko na matundu fasi ya pedali, fasi ya fimbo ya kubadilisha mwendo, fasi nyaya za umeme zinapita. Ingia ndani saa sita ya muchana, funika madirisha kwa mablangeti, funga mulango, ngojea macho yazoee giza. Kila fasi unapoona jua, mbu naye ataiona. Sisi tulihesabu 17. Tuliziba kwa bati na vipande vya mupira.

Mulango wa kukunjika wa bisi haufungi sawa, hata ufanye nini. Tulitundika vipande viwili vya wavu ndani, kimoja kinapita juu ya kingine kwa santimetre 30. Mu pindo la chini mama alishona mawe madogo, ili upepo usiinue wavu. Mutu anapita katikati, nyavu zinarudi zenyewe.

Musizibe mulango kwa mbao na matambara mpaka hewa ikose njia. Kumbukeni yule kijana.

YALE WAVU HAUFANYI

Wavu hauruhusu mbabula kuingia ndani. Hata madirisha yote 12 yakiwa wazi, mbabula ibaki inje. Kwa hiyo kazi yetu ya mwisho haikuwa ya wavu: ilikuwa miti minne na mabati mawili pembeni ya bisi, mama apike pale siku ya mvula. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya bei ndogo kuliko zote, na tungeifanya ya kwanza.

Wavu hautoshi mustikeri ku kitanda. Mbu mumoja anaingia pamoja na mutu ku mulango, na yule mumoja anatosha. Na mbu wa maleria anauma zaidi usiku, tangu giza mpaka asubui, lakini watoto wetu wanacheza inje mpaka saa mbili ya usiku. Nisiwadanganye: mu mwezi wa 2 wa mwaka 2019, mutoto mudogo wa mwinjilisti alipata maleria tena. Alipelekwa upesi kwa infirmie, akapona. Lakini mama aliniambia watoto wanalala madirisha wazi, hawaamuki na kichwa kizito, na usiku anasikia tu mvula.

Vumbi la njia za malori linaziba matundu. Kila mwezi tosha fremu, osha kwa maji, sabuni na brosi laini, anika kivulini. Tundu dogo lishonwe siku ile ile kwa uzi na kipande cha wavu. Mupira ukikauka na kupasuka, badilisha.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuko sheria fupi juu ya mutu anayejenga nyumba mupya: aweke ukingo juu ya paa, mutu asianguke, damu isiwe juu ya nyumba yake. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi ku masomo ya Biblia, na nilifikiri ni habari za paa za Wayahudi. Sasa najua kwamba aliyemuweka mwenzake mu nyumba anaulizwa juu ya nyumba ile. Ikiwa wewe ni muzee wa kanisa, ao ni mwenye kupangisha, ao ni chefu wa kampi, na kuko watu wamelala fasi ulipowaonyesha, enda kule magaribi moja. Usiende muchana. Ingia, ufunge mulango, ukae nusu saa pamoja nao. Utasikia mwenyewe.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya shimo la choo mu udongo mwekundu unaobomoka wakati wa mvula. Mubaki salama.